Nyekundu ya Matombo

Nyekundu ninayoipenda kuliko zote haiuzwi dukani. Iko kwenye kingo za barabara itokayo Bigwa kwenda Mkuyuni na Matombo, pale ambapo greda limekata kilima na kuacha ukuta wa udongo mtupu. Mvua ikishapita na jua likatoka, ukuta ule huwaka. Abiria wa bodaboda hulalamika, kwa sababu udongo huo ukishika suruali nyeupe hautoki kwa sabuni ya aina yoyote. Mimi nautafuta kwa sifa hiyo hiyo: udongo unaong'ang'ania nguo utang'ang'ania na ubao.

Nimeichora milima ya Uluguru kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya rangi zangu nimeichimba katika milima hiyo hiyo. Watu wakiona picha huuliza nilikaa wapi nikichora, au bei. Wachache huuliza rangi imetoka wapi. Nataka kulieleza hilo, kwa kuwa mengi ninayoyajua kuhusu milima hii niliyapata kwa kupekua udongo wake kabla sijashika brashi.

Aliyenianzisha hakuwa mchoraji. Alikuwa bibi yangu mzaa mama, mfinyanzi wa vyungu upande wa Matombo. Kwetu Waluguru ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo bonde lililotoa udongo wa vyungu lilikuwa la kwao, na ufundi wenyewe ulipita njia hiyo hiyo, kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Kazi yangu ilikuwa kubeba. Bibi alikuwa na udongo wa aina mbili. Mmoja ulikuwa wa kijivu, mzito, aliouchimba karibu na mto na kuukanda kwa visigino. Wa pili ulikuwa mwekundu, kidogo tu, aliouhifadhi kwenye kibuyu kilichokatwa. Chungu kilipokaribia kukauka alikipaka ule mwekundu uliokorogwa kwa maji, kisha akakisugua kwa kokoto laini la mtoni mpaka kikatoa mng'ao. Nilimuuliza kwa nini asifinyange chungu kizima kwa udongo mwekundu, maana ndio mzuri.

"Huo hausimami, mjukuu wangu," akasema. "Huo ni wa kuvaa."

Namna alivyouchagua ndiyo ninayoitumia hadi leo. Aliuponda mbichi kati ya vidole viwili. Ukikwaruza, aliutupa. Ukiteleza, alipaka kidogo juu ya kifundo cha mkono, akaendelea na shughuli nyingine, halafu akapangusa kwa upindo wa kanga. Udongo uliofutika wote ulikuwa tope tu. Uliobaki umejichora kwenye mistari ya ngozi, huo ndio wenye rangi. Nimeshapita maduka makubwa ya vifaa vya uchoraji na sijaona kipimo kilicho bora kuliko hicho.

Kutoka udongo hadi rangi kuna safari ndefu kidogo. Naanika udongo kwenye turubai mpaka ukauke kabisa, natoa mizizi na vijiwe, natwanga kinuni. Unga nautia kwenye ndoo ya maji, nakoroga kwa nguvu, naacha kwa muda mfupi. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, hutua kwanza. Maji yaliyobaki juu yana rangi kama chai ya maziwa iliyokolea, na hayo ndiyo ninayomimina taratibu kwenye ndoo ya pili. Narudia, kisha naacha ilale usiku kucha. Asubuhi maji yamekuwa meupe juu, na chini kuna tope laini lisilokwaruza hata kidogo. Hilo nikilikausha na kulisaga tena juu ya kioo kinene, nimepata rangi.

Udongo wetu una jambo lake moja. Humo mmejaa ulanga, yale madini ya vipande vyembamba vinavyometameta, ambayo watu wameyachimba Uluguru tangu enzi za Wajerumani. Kwa kuwa ni bapa na membamba, ulanga hautui upesi pamoja na mchanga. Huelea na kuingia kwenye ndoo ya rangi. Unaweza kuuondoa ukivumilia. Mimi huuacha kiasi. Picha ikiangikwa mahali ambapo jua la jioni linaingia dirishani, ile nyekundu hutoa cheche ndogo ndogo, na mtu aliyewahi kupanda njia ya Kinole saa kumi jioni anaijua cheche hiyo hata kabla hajaambiwa picha ni ya wapi.

Unga peke yake haushiki. Unahitaji kitu cha kuufunga. Kwenye karatasi natumia gundi ya mgunga, ile inayookotwa kwenye magome huko Dodoma na Singida, iliyoyeyushwa kwa maji ya moto. Kwenye ubao natumia kiini cha yai. Navunja yai, natenga ute, kiini nakihamisha kutoka kiganja hadi kiganja mpaka kikauke ngozi yake, nakishika kwa ncha za vidole juu ya kikombe na kukitoboa kwa kijiti cha meno. Kinachodondoka nakichanganya na maji kiasi kile kile. Joto la Morogoro huozesha mchanganyiko huo upesi, kwa hiyo maji ninayotumia nayaloweka karafuu kwanza. Karafuu nazo zinalimwa huko huko Matombo na Mkuyuni. Mwitaliano Cennino Cennini, aliyewaandikia wachoraji mwongozo karibu na mwaka 1400, alishauri kutumia kiini cha kuku wa mjini kwa nyuso za vijana, kwa kuwa ni cheupe zaidi, na cha kuku wa shamba kwa nyuso za wazee na za watu weusi kidogo. Nilifurahi sana niliposoma habari hiyo. Nami nilikuwa nimeshaona kwamba yai la kienyeji linaipa joto rangi mbichi.

Rangi ya yai hukauka ndani ya dakika chache. Huwezi kuipaka mara moja kwa brashi pana ukaondoka. Unaweka mstari mwembamba, unakauka, unaweka mwingine juu yake, na mwingine, hata kilima kikajengeka taratibu. Tena haipendi kitambaa kinachotikisika, itapasuka. Inataka ubao mgumu. Ndiyo maana nachora kwenye hadibodi, na kila ninapokata kipande namkumbuka Edward Saidi Tingatinga.

Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akapita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, akafika Dar es Salaam kutafuta riziki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora kwa vifaa vilivyokuwa mbele ya macho yake: vipande vya hadibodi za mafundi, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Aliuza picha zake Oysterbay, karibu na maduka yaliyoitwa Morogoro Stores, na wanafunzi wake wakaendelea hapo baada ya yeye kufariki mwaka 1972. Rangi ya baiskeli inang'aa, ina nguvu, na ikishakauka haichanganyiki na jirani yake. Kwa hiyo chui wake ana mpaka ulio wazi, madoa yaliyokaa kila moja mahali pake, na nyuma yake rangi moja iliyotandazwa. Mtindo huo unaojulikana leo duniani kote ulitoka mkononi mwake na ndani ya kopo, vyote viwili.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi vijana wengi wakisikia natumia udongo huniambia kwamba hiyo ndiyo sanaa halisi ya Kiafrika na nyingine zote ni za kuiga. Sikubaliani nao hata kidogo. Tingatinga alishika kilichokuwa karibu naye, akakitazama kinaweza nini, akakifanyia kazi mpaka kikasema. Kwake kilikuwa kopo la rangi, kwangu ni ukingo wa barabara. Mimi mwenyewe nyeupe nainunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu sijapata udongo mweupe unaofunika vizuri ukichanganywa na yai. Na kuna ndege mwenye utosi mweusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano, anayeishi katika misitu ya Uluguru na si kwingine popote duniani. Njano ya tumbo lake haimo katika udongo wowote niliouona. Hiyo nayo nainunua.

Njano niliyo nayo ni ya udongo, iliyotulia, niliipata upande wa Mgeta. Nayo ndiyo iliyonionyesha kioja kikubwa kuliko vyote. Nilitia unga wake kwenye kikaango kikuukuu, nikakiweka juu ya jiko la mkaa, nikawa nakoroga kwa kijiko cha mti. Mwanzoni hakuna kinachotokea. Kisha pembeni, pale kikaango kinapopata moto zaidi, njano inaanza kuwa ya machungwa, halafu ya tofali, na wekundu unatambaa kuelekea katikati hadi unga wote umegeuka. Ukiutoa haurudi tena kuwa njano. Sababu yake ni chuma. Nyekundu na njano za udongo zote ni kutu ya chuma. Ile ya njano imeshikilia maji ndani yake, na moto ukiyatoa hayo maji inabaki nyekundu. Huko Italia wachoraji walichoma udongo wa mji wa Siena kwa namna hiyo hiyo, na hadi leo madukani kuna rangi yenye jina la mji ule. Bibi aliona jambo hilo kila alipochoma vyungu, ingawa hakuhitaji maneno ya kulieleza.

Ugumu wangu mkubwa ulikuwa bluu.

Ukisimama Morogoro mjini, tuseme karibu na stesheni ya reli, ukatazama kusini, mlima uko juu yako kabisa. Kilele cha Lupanga kina zaidi ya mita 2,100 na mji uko chini miguuni mwake. Alfajiri mlima ni mweusi. Jua likipanda unakuwa wa bluu, na kadiri safu zinavyorudi nyuma ndivyo bluu inavyopauka. Huwezi kuuchora Uluguru bila bluu. Lakini udongo hauna bluu. Kwa karne nyingi bluu bora ya wachoraji wa Ulaya ilitoka kwenye jiwe lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na bei yake ilishindana na dhahabu. Mimi nilikuwa nayo ya kopo, na kila nilipoiweka kando ya nyekundu na njano zangu ilipiga kelele. Mlima ulisogea mbele badala ya kurudi nyuma.

Njia ilitokea kwenye mkaa. Mkaa wa kawaida, uliosagwa mpaka ukawa laini kabisa na kuchanganywa na nyeupe, unatoa kijivu. Kijivu hicho ukikiangalia kwenye sahani ni kijivu tu. Ukikipaka kwenye ubao ambao chini yake kuna shamba la udongo mwekundu na nyasi za njano, kinageuka. Macho yanakiona bluu. Nimewaita majirani, nimewaita watoto, nimewauliza mlima una rangi gani, na wote husema bluu. Nikiziba ile nyekundu kwa karatasi, bluu inatoweka machoni pao. Jicho halisomi rangi moja moja. Linaisoma kwa jirani yake.

Kisha nikaupanda mlima wenyewe hadi Morningside, kwenye ile nyumba ya mawe ya Wajerumani, kuitafuta ile bluu niliyoiona kutoka mjini. Haikuwepo. Kulikuwa na matuta ya mboga, migomba, magome yenye kuvu la kijivu, na ukungu. Nikageuka nyuma, na Mindu, kilima nilichokijua kuwa cha kahawia, kilikuwa cha bluu. Bluu ya milima ni hewa iliyo kati yako na mlima, inayotawanya mwanga wa jua. Haimo mlimani, kama isivyokuwemo katika mkaa wangu. Tangu hapo sijawahi kutumia bluu ya kopo kwa Uluguru, na naona milima yangu imekaa mbali inavyostahili.

Mkaa huo huo ukichanganywa na njano ya Mgeta unatoa kijani. Si kijani cha mchicha; ni kile kizito, chenye uchovu kidogo, cha msitu ukiutazama kwa mbali. Nilikuwa nimejaribu majani yaliyopondwa, na mtu yeyote anaweza kujaribu: kijani cha majani hupendeza siku ya kwanza, na jua la dirishani hukigeuza majani makavu upesi sana. Udongo hauna tabia hiyo. Pale Kolo, wilayani Kondoa, kuna michoro ya watu na wanyama iliyopakwa kwa wekundu wa udongo kwenye kuta za miamba, na imekaa huko kwa muda mrefu mno. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia. Nilipofika pale nilikaa karibu na mwamba nikaitazama ile nyekundu tu, nikaacha kwanza habari ya wanyama. Niliijua. Na katika pango la Blombos, Afrika Kusini, wataalamu wamekuta maganda ya konokono wakubwa wa baharini yaliyotumiwa kuchanganyia udongo mwekundu, mkaa na mafuta ya mifupa, yapata miaka 100,000 iliyopita. Kazi ninayoifanya uani kwangu ni ya zamani kuliko kilimo.

Kuna majira ambayo udongo na majani hukutana. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya vuli, miombo iliyoko chini ya milima huchipua, na majani yake machanga si ya kijani. Ni mekundu, ya shaba, ya kahawia inayong'aa. Mtu anayechora kwa mazoea atapaka kijani kwa kuwa anajua mti ni wa kijani. Mimi majani hayo nayachora kwa udongo ule ule wa barabarani, na yanakubali.

Hata hivyo wekundu una habari nyingine, na nisingeijua kama nisingekuwa mchimbaji. Ukitazama ule ukuta wa barabara vizuri, nyekundu haianzii juu. Juu kabisa kuna tabaka la udongo mweusi, mahali pengine si nene kuliko urefu wa kiganja. Huo ndio unaozaa mahindi na migomba. Nyekundu iko chini yake, na shamba halina haja nayo juu. Mwaka 1955 watu wa Uluguru waliwakatalia Waingereza matuta ya ngazi waliyolazimishwa kuchimba, hadi ghasia zikalipuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango wenyewe ukaachwa. Siasa ilikuwemo, na hasira ya kufanyishwa kazi kwa nguvu ilikuwemo. Ila wakulima walikuwa na hoja ya udongo pia: matuta yale yalifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuzika ule wa juu. Wazee wa kwetu waliijua ardhi yao kwa rangi.

Kwa hiyo nikiona kilima kimekuwa chekundu, siku hizi nafurahi nusu. Upande wa mashariki, unaopokea mawingu ya Bahari ya Hindi, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mteremko uliovuliwa miti hauwezi kuihimili. Wakati wa masika simama kwenye daraja lolote la Mto Ruvu uangalie maji. Rangi iliyomo mle naijua kwa kifundo cha mkono wangu. Ni ile ile ninayoisaga, inakwenda baharini kwa tani, ikipitia mitambo ya maji ya Dar es Salaam ambayo lazima iichuje kabla mtu hajanywa. Msitu wa juu umelindwa kama hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na nautakia kila ulinzi. Mteremko wa chini, wenye mashamba na watu, ndio unaovuja.

Picha zangu za zamani za upande ule nimezipanga ukutani pamoja na za karibuni. Vilima vilivyokuwa vya njano na mkaa vina wekundu zaidi sasa. Sikukusudia kuweka kumbukumbu ya mmomonyoko. Nilikuwa natazama tu na kupaka nilichokiona. Ofisa kilimo mmoja aliyenitembelea alisimama mbele ya picha hizo kwa muda mrefu, akaanza kutaja vijiji kimoja kimoja.

Nina ombi kwa walimu wa shule za msingi za Morogoro, na za mkoa mwingine wowote wenye kilima. Msisubiri boksi za rangi ziletwe. Watoeni watoto na mifuko midogo, kila mmoja alete udongo wa njia anayopita, na aandike juu yake jina la mahali. Chukueni kwenye kingo za barabara na mitaro, msichimbe shamba la mtu wala kuingia hifadhini. Chekecheni, ongezeni mkaa na kiini cha yai, wapeni karatasi ngumu. Na mtoto akiuliza kwa nini udongo wa kwao ni mwekundu juu wakati wa jirani ni mweusi, mpelekeni mkaangalie hilo shamba, na mwenye shamba awepo.